Mizani ya baruti ya mzee

Najua nimepotea. Huku ni mitihani ya katikati ya muhula, na wikiendi ni kubeba boksi kama kawa. Leo nina stori ya mizani. Msicheke, someni kwanza.

Mzee mwenye nyumba ninayopanga hapa Pennsylvania ni mwindaji wa kulungu. Kama wawindaji wengi wa Marekani, hanunui risasi mpya kila mara. Ganda likishatumika analiokota, analisafisha, analirudisha umbo lake, anatia fataki mpya (siyo yule wa matangazo ya redio, teh teh!), anamimina baruti, kisha anabana kichwa cha risasi juu. Kwetu Bongo risasi ni mambo ya Mzinga kule Morogoro, huku mtu anatengeneza gereji kwake.

Mimi nina viza ya mwanafunzi. Sheria ya shirikisho hainiruhusu kuwa na bunduki wala risasi, labda niwe na leseni ya kuwinda au ruhusa nyingine maalum. Kwa hiyo sigusi kitu pale. Ila mzee aliposikia nasoma kemia akaniambia, "Kijana, wewe kila siku unapima unga. Nichagulie mizani." Mjukuu wake anaanza kuwinda mwaka huu, na risasi ni za huyo mtoto.

Hapo utani ukaisha. Baruti ikizidi, bunduki inaweza kupasukia usoni. Ikipungua sana nayo ni balaa, kichwa cha risasi kinaweza kukwama kwenye mtutu, na risasi itakayofuata ikakikuta humo humo.

Baruti yao wanaipima kwa greni, neno linalotokana na punje ya nafaka. Pauni moja ni greni 7000, kwa hiyo greni 1 ni miligramu 64.8 hivi. Mizani inayotakiwa ni ya kusoma sehemu ya kumi ya greni, yaani miligramu 6.5. Sasa zile mizani za mihimili mitatu tulizozoea maabara husoma gramu 0.1, ambayo ni greni 1.5! Kwenye bastola inayotumia greni tano hivi, hiyo ni karibu theluthi ya baruti yote. Hiyo nikaifuta kwanza.

Mzee alikuwa na mbili mkononi: ya betri, mpya na bei chee, na ya mhimili iliyotumika, RCBS 5-0-5. Ya betri ni ya haraka, sikatai. Lakini zile za bei poa zina tabia ya kuhama sifuri kidogo kidogo ikipata joto, upepo wa feni, au betri ikichoka, na namba inaendelea kuwaka kwa kujiamini kabisa.

Ya mhimili haina betri. Ni fimbo iliyokaa kwenye makali mawili kama ya kisu, sahani upande mmoja, na vizani vya kuteleza juu ya fimbo yenyewe. 5-0-5 ina vizani vitatu: kimoja kinafika greni 500 kwa hatua za kumi kumi, kingine greni 10, na kidogo kabisa greni 1 kwa sehemu za kumi. Jumla 511. Ina sumaku pia, inayotuliza fimbo isicheze muda mrefu.

Nikamwambia mzee tusiamini umri, tuipime. Tukaiweka kwenye meza isiyotikisika, mbali na dirisha, tukairekebisha sifuri kwa skrubu ya mguu. Nikainua fimbo kidogo kwa kidole na kuiachia, mara kumi. Ikarudi pale pale zote. Tukaweka vipimo maalum vya kuhakiki, ikasoma sawa. Nikakagua yale makali: hayana kutu wala vumbi. Mzee alishashika chupa ya mafuta, nikamzuia, mafuta yanakusanya uchafu na fimbo inakuwa nzito kucheza. Na kusoma ni jicho liwe usawa wa alama, ukiangalia kutoka juu unajidanganya.

Akainunua. Nikamwomba na vile vipimo vya kuhakiki avinunue, avitumie kila anapokaa kupima, siyo siku ya kwanza tu.

Kitu kimoja mizani haikusaidii: ukijaza ganda lile lile mara mbili, yenyewe haijui. Inabidi kumulika tochi ndani ya kila ganda kabla ya kubana kichwa. Mzee akasema hiyo kazi atampa mjukuu, macho yake bado mazuri. Nikamwambia, "Mpe, lakini na wewe rudia baada yake." Akacheka, akaandika kwenye karatasi na kuibandika ukutani juu ya meza.

Haya wadau, ripoti ya maabara inanisubiri. Tuonane wiki ijayo Mungu akipenda.