Ndugu Walipokuja Nyumbani

Baba yangu aliwahi kula pesa za matanga. Naweza kulisema kwa sababu yeye mwenyewe alilisema, akiwa amesimama mbele ya ushirika wa waliookoka, na wengi waliomsikia wamekwisha kufariki kama yeye.

Ilikuwa miaka ya sabini. Tulikaa Maringo, Nairobi, nyumba ya kanjo ya chumba kimoja, pazia la maua likitenga kitanda cha wazazi na viti vya wageni. Jioni moja wakapiga hodi ndugu wawili: fundi viatu wa Makadara na karani wa reli aliyekaa Makongeni. Mama akawapa chai, sisi tukaamriwa kwenda kulala nyuma ya pazia. Nani angelala?

Nilingoja wamgombeze baba. Fundi viatu akaanza na yake: viatu vya mteja alivyouza, kisha akadanganya kwamba havijaisha kushonwa. Alikuwa ametoka kumlipa mwenyewe siku hiyo. Karani naye akatoa yake, hasira aliyomfanyia mkewe. Ndipo fundi akasema, "Ndugu, tumekuja kwa sababu ya ule mchango." Nikasikia kijiko cha baba kikikoroga chai ambayo sukari yake ilikwisha kuyeyuka zamani. Akakiri. Hawakuinuka mpaka wamekubaliana atalipa kiasi gani kila mwisho wa mwezi, na karani akatoa noti ya kwanza mfukoni mwake mwenyewe. Siku ya ushirika baba akatubu, wakaimba "Tukutendereza", wakamkumbatia, na mambo ya fedha hayakutajwa tena.

Desturi hiyo ilitoka mbali. Mwaka 1929, juu ya kilima cha Namirembe, Kampala, daktari Mwingereza Joe Church aliyefanya kazi hospitali ya Gahini, Rwanda, alikutana na Mganda Simeon Nsibambi, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Katika miaka iliyofuata uamsho ukaenea, na mwaka 1937 ukawa na mkutano wake Kabete, Kenya. Waliookoka walifundishana kutembea nuruni, yaani dhambi isemwe kwa ndugu ikiwa bado mbichi. Wakati wa Hali ya Hatari wengi wao walikataa kiapo cha Mau Mau, na wako waliouawa kwa hilo. Baadhi ya wazee wetu walipitia hayo, kwa hiyo kumuuliza jirani habari za pesa hakukuwa jambo la kuwatetemesha.

Sitaki kuwapaka mafuta. Mama aliacha hereni na kichana cha moto kwa sababu ya maneno ya akina mama wa ushirika, wala sikuona walichookoa hapo. Kule Nyanza uamsho uliwagawa Waanglikana. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Matthew Ajuoga na wenzake wakatoka, wakaanzisha Kanisa la Kristo Katika Afrika, wakajulikana kama Johera, watu wa upendo. Hata Nairobi, mtaani Kaloleni, palikuwa na majirani wa pande zote mbili, na watoto tulijua ni mlango gani usiotajiwa jina la mwingine. Hata hivyo waliotuonya walichota maji kwenye mfereji mmoja nasi. Ukimwonya mtu usiku, asubuhi mnakutana na ndoo, na kuta zile hazikuficha ugomvi wako mwenyewe.

Kufikia miaka ya tisini maonyo yalikuwa yamehamia ofisi ya kanisa. Msichana akipata mimba aliitwa na wazee, akatolewa kwaya, akatengwa na Meza ya Bwana. Mvulana, ambaye kila mtu alimjua, aliendelea kupiga gitaa Jumapili. Katika wazee wale sikusikia hata mmoja aliyeanza na yake, na nyumbani kwa msichana hakufika mtu. Mathayo 18 inataka uanze kwa kumwendea ndugu yako, wewe na yeye tu. Kanisa linakuja mwisho. Sisi tuligeuza, tukaanza na kanisa.

Siku hizi hata kanisa halingojwi. Mwaka jana, katika kundi letu la WhatsApp, mchango wa bili ya hospitali ulipungua mikononi mwa mweka hazina, kosa lile lile la baba. Mtu akatupia humo skrinshoti ya M-Pesa bila kumpigia mweka hazina simu kwanza. Zikafuata aya za Biblia, vikaragosi vya kulia, na kufikia jioni jamaa wa Marekani walikuwa wanauliza maswali. Mweka hazina akajitoa kwenye kundi. Pesa hazijarudi mpaka leo.

Jumapili iliyofuata nilimuuliza mchungaji kama kuna aliyekwenda kumwona. Akasema wamempigia, simu imezimwa. Nikamuuliza anakaa wapi. Akajibu ni kule Umoja, nyuma ya geti fulani, lakini nyumba yenyewe haijui. Pengine katibu anaijua. Katibu naye akanielekeza kwa mchungaji.