Isiolo, Sanaa Yenye Harufu ya Moshi

Ukipita Timau barabara inaanza kuteremka, baridi ya Mlima Kenya inabaki nyuma, na hujamaliza kuvua sweta umeshafika Isiolo. Mji huu ni mlango wa kaskazini. Waborana, Wasomali, Waturkana, Wasamburu na Wameru wanapishana sokoni, na wengi wamevaa au wamebeba kazi ya mikono inayostahili kutazamwa bila haraka.

Mpenda sanaa namshauri apitie kwanza Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi, azione picha za Joy Adamson. Wengi wanamjua kwa ajili ya Elsa, simba aliyelelewa Isiolo kuanzia 1956, lakini kabla ya Elsa alikuwa mchoraji. Mumewe, George, alisimamia wanyamapori wa kaskazini akiwa na makao Isiolo, na mwishoni mwa miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilimpa Joy kazi ya kuwachora watu wa jamii za Kenya katika mavazi yao ya jadi. Alichora kwa uangalifu mkubwa mno, hata shanga za shingoni unaweza kuzifuata safu kwa safu. Joy alizaliwa 1910 huko Opava, mji ambao leo uko Jamhuri ya Cheki. Na shanga nyingi za vioo wanazotunga akina mama wa Kisamburu hutoka nchi hiyohiyo. Umaridadi wa kuzipanga, huo ni wa kaskazini.

Ukishaziona picha hizo, panda basi uje huku Isiolo. Wauza bangili watakufuata hadi dirishani, wakaribishe. Chukua moja mkononi uone shaba nyekundu, shaba ya njano na alumini zilivyosokotwa pamoja, bila ncha ya kukwaruza ngozi.

Mimi huvutwa zaidi na gorfa, chombo cha maziwa cha Waborana. Ukikiona kwa mbali utadhani kimechongwa. Kisogeze karibu: ni nyuzi za mizizi, zimesukwa na wanawake kwa kubana hata maziwa hayapenyi. Nilipoinamia kimoja nikihesabu mishono, mama mwenye nacho alinizuia. "Nusa kwanza, mwanangu," akasema, akakifunua. Moshi mtamu wa kuni ulinijaa puani. Ndani hufukizwa kwa vijinga ili maziwa yakae na yapate ladha, na hapo nikaelewa kuwa kabati la kioo la makumbusho hutuonyesha nusu tu ya chombo. Akina mama wanaosafirisha maziwa ya ngamia kwa basi hadi mtaa wa Eastleigh, Nairobi, hufukiza hata madumu ya plastiki.

Mwaka 2021, maonyesho ya Invisible Inventories pale Nairobi yalieleza kwamba zaidi ya vitu 32,000 vya Kenya vimo katika makumbusho ya ng'ambo. Virudi, naam. Lakini hata vilivyo Nairobi bado viko mbali na wanaovijua. Natamani picha za Joy za watu wa kaskazini ziletwe Isiolo, zitundikwe hata mwezi mmoja, bibi wa Merti, Garba Tulla na Archers Post waje wazikague: waseme mkufu upi huvaliwa na nani, upi umevalishwa vibaya, na pengine yule aliyesimama pichani ni mama wa nani.