Mfereji Ulikuwa Namba Moja

Mimi nina madaftari mawili makubwa, yale tunayoyaita kaunta buku. La kwanza ni la riwaya yangu. La pili ni la mihtasari ya mikutano ya mtaa wetu. Katika lile la kwanza naongopa nitakavyo, maana riwaya ndivyo ilivyo. Katika la pili natakiwa niandike kweli tupu. Leo nataka nikusimulie jinsi nilivyochanganya madaftari.

Nilimaliza kidato cha nne mwaka 2019. Kiswahili nilipata A, hesabu nikapata F. Sasa niambie, mwenye A ya Kiswahili na F ya hesabu anakuwa nani katika jiji la Dar es Salaam? Anakuwa mtu wa barazani! Mtaa wenyewe sitautaja kwa sababu bado naishi humo, na mama bado anadaiwa dukani. Siku moja nilikwenda ofisi ya serikali ya mtaa kutaka barua ya utambulisho. Mtendaji akatazama fomu niliyojaza, akanitazama na mimi.

"Binti, mwandiko huu wako?"

"Wangu, mzee."

Basi, tangu siku hiyo nikawa mwandishi wa mikutano. Malipo yalikuwa soda na nauli. Siku nyingine soda bila nauli.

Mkutano ninaousema ulifanyika Novemba 2022, chini ya mkungu, karibu na ofisi. Kwa wasiojua, mipango ya serikali za mitaa kwetu Tanzania hutakiwa ianzie chini. Utaratibu una jina refu na zuri: Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo. Wananchi hukaa, hutaja shida zao, huzipanga kwa uzito. Orodha hupanda hadi kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, halafu halmashauri, kwenye kamati zake na Baraza la Madiwani, halafu mkoani, halafu Hazina na Bungeni, na mwaka mpya wa fedha huanza Julai mosi. Yaani shida aliyoisema mama ntilie chini ya mti inapanda gari mpaka Dodoma. Kwenye karatasi inapendeza kweli.

Afisa maendeleo ya jamii wa kata alibandika karatasi la manila kwenye shina la mti, akachora jedwali. Mambo yalikuwa manne: mfereji wa maji ya mvua, vyoo vya shule ya msingi, taa za barabarani, na kizimba cha taka. Kila jambo likapambanishwa na kila jambo, kama mechi za ligi. Mfereji na taa, kipi kianze? Mikono juu! Kijana mmoja wa bodaboda akatetea taa kwa hoja nzuri sana, mambo ya vibaka na nini. Hapo akainuka bibi mmoja anayeuza vitumbua, jirani yetu, nyumba yake na yetu zinatazamana na korongo.

"Wanangu," akasema, "taa mtaniwekea ili nione vizuri maji yanavyoingia chumbani?"

Watu wakacheka hadi wakashikana mabega. Mfereji ukashinda taa, ukashinda vyoo, ukashinda kizimba. Nikaandika kwa mwandiko wangu ule unaosifiwa: Kipaumbele cha kwanza, mfereji wa maji ya mvua.

Watu walipotawanyika, mtendaji alinibakiza. Nataka nimtendee haki mzee huyu, kwa sababu katika riwaya ningemfanya mla rushwa mwenye kitambi, na yeye hakuwa hivyo. Alikuwa amechoka tu. Akaniambia, "Mwanangu, mfereji wa mawe na zege kutoka juu mpaka mtoni ni mamilioni kwa mamilioni. Kata nzima haina ukomo wa bajeti wa kuutosha. Tukiuweka wa kwanza, watatupiga kalamu, na tutakosa vyote. Vyoo vina fungu lake. Weka vyoo namba moja, mfereji namba tatu. Angalau tupate kitu."

Hilo neno "ukomo wa bajeti" ndiyo siku ya kwanza kulisikia. Mimi nilidhani watu husema shida, ndipo fedha hutafutwa. Kumbe fedha hushuka kwanza, kila moja na jina lake usoni: hii ya elimu, hii ya afya, hii ya barabara. Shida yako kama haifanani na jina lolote, inasubiri nje.

Na vyoo vile, jamani, havikuwa uongo. Nilisoma pale. Najua foleni yake saa nne asubuhi. Kwa hiyo sikujiona nafanya dhambi. Nililichana lile karatasi la daftari, nikaandika upya. Mfereji nikauweka namba tatu, baada ya taa. Kwa nini baada ya taa, wakati taa zilishindwa? Mtendaji alisema taa zinapendeza machoni pa wakubwa. Nikaandika. Soda siku hiyo ilikuwa na nauli.

Hapa nitoke kidogo nje ya mtaa wetu. Mjomba wangu alikuwa kijana miaka ya tisini, na hadithi yake haiishi: jinsi alivyofanya kibarua Hananasifu, Kinondoni. Pale wakazi wenyewe walichimba na kujenga mifereji na barabara za mtaa wao, kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani na wafadhili wengine. Ulikuwa wakati ambao jiji lilikuwa limezama kwenye taka. Mwaka 1992 ulianzishwa mradi wa kuliendeleza jiji bila kuharibu mazingira yake, kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, na wataalamu wakakaa meza moja na wakazi kujadili kipi kianze. Mwaka 1996 Halmashauri ya Jiji ikavunjwa na Tume ikachukua nafasi yake hadi mwaka 2000, zilipozaliwa manispaa za Ilala, Kinondoni na Temeke. Majina yamebadilika tena na tena. Mjomba habadiliki: "Sisi tulichimba wenyewe, nyinyi mnaandika mihtasari."

Namjibu kwamba hata wao walikuwa na mfadhili. Ananyamaza kidogo, halafu anaanza upya.

Maana ukitazama, kazi kubwa za mifereji katika jiji hili zimekuja na mikopo mikubwa. Mwaka 2015 Benki ya Dunia ilikubali mkopo wa dola milioni 300 kwa mradi wa kuendeleza jiji, barabara na mifereji ndani yake. Mwaka 2022 ikakubali mwingine wa dola milioni 200 kwa bonde la Msimbazi. Sipingi, nani apinge? Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu, na waliohamishwa mabondeni wakapelekwa Mabwepande. Baadaye katika bonde hilohilo, pale Jangwani, ikajengwa karakana ya mabasi ya mwendokasi yaliyoanza kazi mwaka 2016, na maji yakaifuata kama yalivyowafuata watu. Kwa hiyo bonde linahitaji fedha hizo. Lakini mradi mkubwa huchagua kwa ramani na kwa vigezo vyake. Korongo la nyuma ya nyumba yetu halionekani kwenye ramani ya kiwango hicho. Ni dogo kwa Benki ya Dunia na kubwa kwa kata. Limekaa katikati, kama mimi na cheti changu.

Kwenye kikao cha kata nilibeba faili. Kila mtaa ulisoma orodha yake, na nikashangaa jinsi zinavyofanana: vyoo, darasa, taa, vyoo, darasa. Nikajiuliza, inawezekana mitaa yote ina mwandishi kama mimi? Vyoo vyetu vikapita. Mwaka uliofuata vikajengwa, tena vizuri, na rangi.

Halafu mvua.

Mnazikumbuka mvua za mwishoni mwa 2023 zilizoendelea hadi Aprili 2024. Usiku mmoja nilitoka kitandani nikakanyaga maji. Umeme ulikuwa umekatika. Mama alikuwa amesimama juu ya stuli ameshika kichwa cha cherehani kama mtoto mchanga, meza yake imeshaondoka ukutani inaelea. Vitambaa vya sare za harusi, vya watu, vilikuwa kwenye maji ya rangi ya chai. Tulimsikia bibi wa vitumbua akiita. Tulimtoa kupitia dirishani, mimi na yule kijana wa bodaboda aliyetetea taa. Mchele wake, unga, jiko, akiba aliyoifunga kwenye khanga chini ya godoro, vyote vikaenda. Yeye mwenyewe alikaa siku tatu kwetu bila kusema, na tangu hapo hakupika tena vitumbua. Alichukuliwa na mwanawe Morogoro.

Riwaya yangu ilikuwa chini ya kitanda. Kurasa mia na themanini kwa wino wa bluu. Asubuhi nilipolifungua daftari, kila ukurasa ulikuwa umegeuka wingu. Lile daftari jingine, la mihtasari, lilikuwa ofisini kwenye rafu ya juu, kavu kabisa. Sikuweza hata kulia. Nilicheka kwa nguvu hadi mama akanikemea.

Wiki ile watu walijaa ofisini kwa hasira. Mama alikuwa mbele. Akauliza, "Si tulipiga kura mfereji uwe wa kwanza? Someni." Mtendaji yule alikuwa ameshahamishwa. Mtendaji mpya akachukua daftari, hana hili wala lile, akasoma kwa sauti: vyoo, taa, mfereji. Kimya. Mama aligeuka akanitazama. Anaujua mwandiko wangu; yeye ndiye aliyenifundisha kuumba herufi kabla sijaanza shule.

Hakusema kitu pale. Nyumbani, usiku, akaniambia, "Mimi kila nikinunua umeme nakatwa kodi ya jengo." Ni kweli. Tangu mwaka 2021 kodi hiyo hukatwa kwenye LUKU, ilianza shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ikafika 1,500. "Nakatwa, sawa. Halafu nakwenda mkutanoni nanyoosha mkono. Mkono ndio pekee nilionao. Na wewe mwanangu ukaukata."

Nilijitetea kwa ukomo wa bajeti. Nilieleza vizuri, kama afisa. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Hayo yangekataliwa huko juu, wangekataa wao. Ungewaachia wao wakatae."

Baada ya hapo tukaunda kikundi, vijana wanane, maana nusu ya maji yale yaliletwa na taka zilizoziba korongo. Tulitaka guta mbili za kukusanyia taka. Sheria iko wazi: halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Lakini mikopo hiyo ilikuwa imesimamishwa tangu 2023 ili utaratibu urekebishwe, ikarejeshwa mwaka 2024. Tuliandika katiba, tukafungua akaunti, tukaandika andiko la mradi. Andiko niliandika mimi, na humo sikuongopa hata nukta, jambo lililolifanya liwe fupi. Mpaka leo tumepata guta moja, la kukodi, kwa michango yetu. Fomu inatembea.

Baada ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024 tukapata mwenyekiti mpya, na msimu wa vipaumbele ulipofika tulikaa tena chini ya mkungu. Nilijua sitaitwa kuandika. Nikaitwa. Nadhani ni mama aliyesema, ingawa anakana. Alikaa mstari wa mbele kabisa, miwani machoni, akitazama kalamu yangu, si uso wangu. Mfereji ukashinda tena, safari hii bila kicheko. Mtendaji akaniinamia, akaanza, "Dada, unajua ukomo wa..." Nikamwambia, "Najua, mzee. Naomba uandike pembeni maoni yako, mimi niandike walichosema." Akafikiri, akachukua kalamu, akaandika pembeni.

Orodha ilirudi kutoka juu ikiwa na maneno mawili mbele ya mfereji: fedha itakapopatikana. Nimeyanakili kwenye daftari kama yalivyo, na mama nikamsomea. Akauliza kama yana sahihi. Nikasema yanayo. Akarudi kwenye cherehani, ambayo sasa imepandishwa juu ya matofali sita.

Riwaya nimeianza upya. Niko ukurasa wa arobaini na mmoja. Naandika kwa penseli.