Sakafu ya Chumba cha Mama

Wengi mliofika kwetu London kumwangalia Mama mliniuliza kwa nini chumba chake kimechelewa. Kilichotuchelewesha ni sakafu.

Mama alikuwa hawezi tena kupanda ngazi, tukakubaliana ndugu wanne kuchanga tumwongezee chumba cha chini, nyuma ya nyumba. Nyumba yenyewe ni ya kizamani. Sakafu yake ya mbao, na chini yake mna uwazi unaopitisha upepo kwa matundu ya ukutani. Mama hakutaka mbao. "Mbao hulia mtu akitembea," alisema, "nami huamka usiku kutawadha." Fundi wa kwanza naye alitaka ajaze kifusi, ashindilie, atandike nailoni, amwage zege. Bei yake ilikuwa ndogo, nikafurahi.

Walipochimba, udongo wa juu ulikuwa wa kujazwa tu, chini yake mfinyanzi, na mti wa jirani u karibu. Udongo wa mfinyanzi wa London hunywa maji ukavimba, kiangazi ukasinyaa. Ukame wa 1976 ulipasua nyumba nyingi. Kifusi kikizidi sentimita 60, zege haliachwi liketi juu yake, maana kitadidimia. Chetu kingefika karibu mita nzima. Tena zege lingeziba yale matundu ya hewa, mbao za nyumba kubwa zikaoza. Fundi hakunitajia hata moja katika hayo. Aliyesema ni mkaguzi.

Basi tukachukua boriti za zege. Hulazwa kutoka ukuta hadi ukuta, katikati hupangwa matofali, na chini huachwa uwazi. Mabomba yakapitishwa humo kupeleka hewa upande wa zamani. Gharama ilizidi, nikampigia simu kaka yangu Maskati. Alinung'unika, lakini alileta.

Siku boriti zilipolazwa tulimtolea Mama kiti uani. Akatazama kitambo. "Hii si dari ya kwetu?" Kweli, nyumba za mawe za Unguja zina boriti za mikoko, juu yake mawe na chokaa. "Ila hizi ndefu," akasema. Zetu hazifiki mita 3, ndiyo maana vyumba vya kule vyembamba.

Akauliza nani watakuja kuipiga sakafu. Nikamwambia hapa haipigwi, humwagwa.

"Basi mwambie fundi aisawazishe pale mlangoni, nisijikwae."

Aliisawazisha.