Marseille, Ulaya inayonuka samaki

Kila kijana wa mjini ninayemjua anaota Paris. Akifumba macho anauona ule mnara, anaziona taa, anajiona yeye mwenyewe na koti refu, skafu shingoni, anatembea taratibu kama yuko kwenye sinema. Sawa, kuota hakulipiwi kodi. Lakini leo nakupeleka kwingine kabisa, kule kusini ambako Ufaransa inaishia baharini. Mji wenyewe unaitwa Marseille. Tamka "Marsei". Ukisema "Marsele" watakuelewa, ila watacheka chini chini.

Jamaa wa Paris hawausifii mji huu. Wanasema ni mchafu, una kelele, una vibaka na umejaa wageni. Nilipoyasikia hayo nikajisemea moyoni, mbona huyo ni Kariakoo kabisa? Nikafunga begi.

Viza kwanza, maana bila hiyo hadithi yote ni ya kijiweni. Unaomba ya Schengen, ada yake kwa mtu mzima ni euro 90, na ukinyimwa hairudi. Ukishafika Paris panda treni ya kasi, saa 3 na kidogo uko Marseille, stesheni ya Saint-Charles. Usikimbilie teksi. Toka nje, simama juu ya ngazi. Zipo 104, pana kama za ikulu, na mji wote uko chini yako: mapaa mekundu, kilima, na juu ya kilima kanisa lenye sanamu ya dhahabu inayomeremeta. Hapo ndipo utakapojua kwamba umefika.

Ukishuka zile ngazi, angalia pembeni kule chini. Kuna sanamu za mawe za wanawake waliolala kivivu, mmoja anawakilisha makoloni ya Afrika, mwingine ya Asia. Ziliwekwa miaka ya 1920, enzi ambazo kila kilichovunwa huko kwetu kilishushwa kwenye bandari hii. Watalii wanakaa juu yake wanakula mkate. Mimi nilisimama kidogo nikamtazama yule dada wa Kiafrika. Halafu nikaendelea na safari, nilikuwa na njaa.

Sasa sikiliza siri ya kwanza: Marseille ni ya wanaoamka mapema. Wewe uliyezoea kulala mpaka saa 5 kwa sababu jana ulikuwa unajirusha, huu mji utaukosa. Asubuhi teremka mpaka Bandari ya Zamani, wenyewe wanaiita Vieux-Port. Wavuvi wanakuwa wamefika na mashua ndogo, wake zao wamesimama nyuma ya meza za rangi ya buluu, samaki wanarukaruka kwenye maji. Harufu hiyo! Ukifumba macho uko Feri, Dar es Salaam, kasoro tu hakuna anayekuvuta shati. Lugha hujui? Nyoosha kidole. Wale akina mama wanapiga kelele za kupatana bei kama za kwetu, na nakwambia wakikasirika unaweza ukadhani wanapigana.

Wagiriki ndio walioanzisha mji huu kwenye ghuba hii, yapata mwaka 600 kabla ya Kristo, na haujawahi kuhama. Hapo hapo penye samaki kuna paa kubwa la chuma linalong'aa kama kioo, lilijengwa mwaka 2013. Ukisimama chini yake unajiona kichwa chini miguu juu, na mji mzima uko hivyo hivyo. Vijana wanapiga picha kutwa nzima. Piga na wewe, mradi simu uishike vizuri. Vibaka wapo, sitakudanganya. Simu haiwekwi juu ya meza ya mgahawa, wala mfuko wa nyuma wa suruali.

Watu wa Marseille wanasifika kwa kukuza mambo. Ufaransa nzima inawacheka kwamba eti walidai dagaa mmoja aliziba mlango wa bandari yao. Kumbe lipo la kweli ndani yake! Mwaka 1780 meli iitwayo Sartine ilizama pale mlangoni, bandari ikafungika kweli. Herufi moja ikabadilika, meli ikageuka dagaa. Kwa hiyo mtu wa huko akikwambia jambo, ligawe kwa 3, lakini usilitupe lote.

Wewe mtoto wa pwani utashangaa na jambo jingine. Nilikaa ukutani nikisubiri maji yakupwe, nione kama kuna watu wanaoshuka kuokota pweza na chaza. Nikasubiri wee. Saa 1, saa 2, saa 4, maji yako pale pale! Bahari ya Mediterania haikupwi wala haijai kama yetu, inapanda na kushuka sentimita chache tu, wakati sisi Dar maji yanatofautiana mita 3 na zaidi siku za bamvua. Ndiyo maana barabara, mikahawa na nyumba zinabusu maji bila wasiwasi. Na ndiyo maana Wafaransa walikuja kupima hapa. Kwenye barabara ya ufukweni kuna kijumba chenye mtambo wa kupima usawa wa bahari, kilianza kazi miaka ya 1880, na urefu wa milima ya Ufaransa bara unahesabiwa kuanzia sifuri iliyopatikana pale.

Ukitaka kuoga, ufukwe wa Catalans unafika kwa miguu kutoka bandarini. Lakini jihadhari na mistral. Huo ni upepo unaoshuka kutoka kaskazini kupitia bonde la mto Rhône. Unafagia mawingu yote, mbingu inakuwa ya buluu mpaka macho yanauma, na wewe unasema leo ni leo. Ukitia mguu majini, loh! Upepo umeyasukuma maji ya moto huko mbali na ya baridi yamepanda kutoka chini. Niliruka nje kama paka. Siku kama hiyo hata boti za kwenda kisiwa cha If husimama, kile chenye gereza la zamani ambalo Alexandre Dumas alilitia kwenye hadithi ya Monte Cristo. Mimi nilikiona kwa mbali tu.

Haya, chakula. Kila kitabu cha watalii kitakwambia ule bouillabaisse. Ni supu ya wavuvi. Zamani walichemsha samaki wa mawemawe wenye miiba, wale ambao hakuna mteja aliyewataka, wakatia zafarani na kitunguu saumu, maisha yakaenda. Leo supu hiyo ya wanyonge ikipikwa inavyotakiwa ni euro 60 na zaidi kwa mtu mmoja. Mimi nikajifanya mjanja. Nikaona mgahawa mmoja unaotazama bandari, kibao kimeandikwa nusu ya bei, nikaingia kifua mbele. Nikaletewa maji mekundu na vipande viwili vya samaki aliyekaa kwenye barafu tangu sijui lini. Nililipa huku nimenuna. Kumbe samaki wa kweli wanataka muda na wanataka fedha, na anayekuuzia kwa nusu ya bei amekuuzia rangi. Kama mshiko haupo, nunua panisse. Ni unga wa dengu uliopikwa ukakatwa vipande na kukaangwa, unatiwa kwenye karatasi na chumvi yake. Una ndugu na bajia zetu.

Hasira za ile supu ndizo zilizonipeleka Noailles. Ni mtaa ulio dakika chache tu kutoka bandarini, lakini ni kama umevuka bahari. Zabibu kavu na bizari kwa magunia, mikate ya Kialjeria, ndizi mbichi, mihogo, bamia! Watu wamebanana, kila mtu anauza, kila mtu anauliza bei. Nikamwona mzee mmoja mwenye kofia ya kufuma na mifuko miwili mizito, anapandisha mlima wa Rue d'Aubagne anahema. Malezi ya nyumbani yakanisukuma, nikampokea mfuko mmoja bila kusema neno.

"Marahaba," akasema.

Jamani! Nikahisi uso unawaka moto. Mzee ananidai shikamoo yake katikati ya Ufaransa, na kweli nilikuwa sijamwamkia! Nikainama haraka: "Shikamoo mzee!"

Akasimama. Akaweka mfuko chini. Akacheka mpaka akashika ukuta. Ndipo akanieleza, kwa Kiswahili cha Unguja kilicholala kidogo, kwamba yeye ni Mngazija, na kwao Komoro "marahaba" ni ahsante. Mama yake alikuwa akikaa Zanzibar, na Kiswahili alikiacha huko utotoni akaja kukiokota tena siku hiyo kwa sababu ya mfuko wa mihogo. "Mwanangu," akaniambia, "miaka mingapi sijaamkiwa shikamoo!"

Msomaji, hilo ndilo vitabu vya watalii havikwambii. Wakomoro wa Marseille ni makumi ya maelfu. Wengi wa mwanzo walikuja na meli, mabaharia na wapiga makaa wa meli za Kifaransa, baadhi yao wakipitia Zanzibar na Madagaska. Wakashuka, wakapata vyumba, wakaita wadogo zao. Leo kwenye basi utasikia maneno yanakupita karibu kabisa na sikio, unasema hili nalijua, kumbe hulijui, halafu linalofuata unalijua kweli.

Tulipofika kati ya mlima mzee akanyamaza. Pana nafasi wazi pale, kama jino lililong'oka. Tarehe 5 Novemba 2018 nyumba za mtaa ule ziliporomoka asubuhi, watu 8 wakafa. Zilikuwa nyumba kuukuu za watu wa kipato cha chini, na zilishalalamikiwa. Kiwanja kidogo cha jirani sasa kimepewa jina la tarehe hiyo. Mzee aliinua mikono akasoma Fatiha, mimi nikasimama kando na mfuko wangu. Baada ya pale hatukuongea mpaka mlangoni kwake.

Chai aliitoa, ya maziwa na iliki. Kuhusu mpira nilikosea kuuliza, kwa sababu hakunyamaza tena. Tarehe 26 Mei 1993, Munich, Olympique de Marseille na AC Milan. Kona anapiga Abedi Pele wa Ghana, kichwa anapiga Basile Boli aliyezaliwa Abidjan, 1-0, kombe la Ulaya linakuja Ufaransa kwa mara ya kwanza. "Waafrika wawili!" mzee anapiga meza. Usiku ule yeye alikuwa kazini melini na aliusikiliza kwa redio iliyokuwa ikikoroma. Nikamkumbusha kwamba mwaka ule ule timu hiyo ilinyang'anywa ubingwa wa ligi kwa kuhonga wachezaji wa Valenciennes. Akaninyima chai ya pili. Nikamkumbusha tena kwamba PSG nao walilibeba kombe mwaka 2025. "Wa pili ni wa pili tu," akasema. Kama ukipata tiketi, nenda Vélodrome. Unachukua watu zaidi ya 67,000, na wakianza kuimba kiti kinatetemeka.

Yeye ndiye aliyenituma Sugiton. Unapanda basi mpaka Luminy penye chuo kikuu, basi la kawaida la nauli ya kawaida, halafu unatembea kwenye misonobari kama saa 1. Ghafla njia inakatika, chini yako kuna majabali meupe na maji ya kijani kibichi yanayoonyesha mpaka mawe ya chini. Hizo ndizo calanque, na tangu 2012 ni hifadhi ya taifa. Beba maji ya kutosha, duka hakuna. Siku za kiangazi lazima ujiandikishe kabla, bure, maana wanaruhusu watu 400 tu kwa siku, na hatari ya moto ikiwa kubwa wanafunga njia kabisa. Ndala acha nyumbani. Niliona dada mmoja na viatu vya mchuchumio, mpaka leo sijui alirudije.

Jioni ya mwisho nilipanda ngome ya Saint-Jean mlangoni mwa bandari. Kuingia uani ni bure, na kuna daraja jembamba la kukupeleka kwenye paa la jumba la makumbusho la Mucem, nalo bure. Jua linazama baharini mbele ya macho yako, jambo ambalo Dar hatulipati. Wapenzi wamejaa, kila mmoja na wake. Mimi nilikuwa na mfuko wa panisse.

Zawadi? Nunua sabuni. Sabuni ya Marseille ni kipande cha mraba, kimegongwa muhuri "72%", yaani mafuta yake. Ile ya kijani ni ya zeituni. Ila jina halilindwi na sheria, nyingine zinatengenezwa mbali kabisa, kwa hiyo soma karatasi kwanza. Hizo za waridi na za buluu zenye kunukia ni za kupambia choo.

Nilimletea mama vipande viwili. Akanusa, akageuza, akapima uzito kwa kiganja. "Yaani umetoka Ulaya," akasema, "umeniletea sabuni ya mche?" Kimoja akafulia siku ile ile. Cha pili amekifungia kabatini, na kila mgeni akija anaonyeshwa.