Inazunguka Tu

Saa tano na dakika ishirini usiku mdogo wangu alinipigia simu kutoka steshenari moja ya mjini kwetu. Alinong'ona kana kwamba kompyuta ingemsikia: "Dada, inazunguka tu."

Nilijua anachokitazama: duara dogo katikati ya ukurasa, likijizungukia bila haraka. Maombi yake ya chuo yalitakiwa yawe yamefika kabla ya saa sita. Nyuma yake nilisikia mwenye duka akiburuta viti kuvipanga, ile namna ya kumfukuza mteja bila kumwambia. Mimi nilikuwa maabara, Dar es Salaam, nikifanya majaribio ya tasnifu yangu ya uzamili kuhusu jambo hilo hilo: seva hufanyaje watu wengi wanapobisha hodi kwa pamoja. Kwa hiyo nikajibu kama mtaalamu.

"Usibonyeze tena. Ukibonyeza unarefusha foleni. Subiri."

Akasubiri. Saa sita ikapita, duara likatoweka, ukurasa ukabaki mweupe.

Tasnifu yangu ililinganisha seva mbili zinazotengeneza kurasa papo hapo. Ukurasa usiobadilika ni kama andazi la asubuhi: limeshapikwa, muuzaji anafungua kabati na kukupa. Lakini ukurasa wenye jina lako, alama zako na kozi ulizochagua haupo popote mpaka uuombe. Huo ni chipsi mayai. Lazima mtu apokee oda, aipeleke jikoni na kuileta sahani ikiwa moto.

Tomcat, ya ulimwengu wa Java, ina wahudumu 200 usipobadilisha mpangilio wake. Kila oda inapewa mhudumu wake, naye anaganda kwenye dirisha la jiko hadi sahani itoke. Mteja wa 201 anangoja mlangoni. Node.js, iliyotoka mwaka 2009, ina mhudumu mmoja tu, lakini hasimami. Anaacha oda jikoni, anarudi ukumbini kupokea nyingine, akiitwa anakimbia kuchukua. Ni mwepesi ajabu, ila ukimpa hesabu ndefu aikokotoe mwenyewe, ukumbi mzima unamsubiri yeye.

Nilizipima kwa uangalifu, au niliamini hivyo. Mashine ile ile, hifadhidata ile ile, ukurasa ule ule. Dakika mbili za mwanzo za kila jaribio nilizitupa, kwa sababu Java huanza taratibu kabla ya kuchangamka. Grafu zilipendeza. Node.js ilikuwa mbele kwa tofauti ndogo iliyojirudia kila mara, nikaiandikia sura nzima. Kwa seva zote mbili, maombi 99 kati ya kila 100 yalijibiwa kabla hujapepesa jicho.

Miezi miwili baadaye, nikitafuta nukuu ya kupambia sura hiyo, nikakutana na maelezo ya mhandisi anayeitwa Gil Tene kuhusu kosa ambalo zana nyingi za kupimia hulifanya. Nilisoma mara ya kwanza nikatikisa kichwa kwa kuwahurumia wengine. Mara ya pili nikafungua msimbo wangu.

Kosa lenyewe ni la adabu. Zana yangu ilituma ombi, ikangoja jibu, ndipo ikatuma lingine. Seva ilipokwama, zana nayo ilikwama, ikikaa kimya kama mgeni mstaarabu hadi mwenyeji amalize shughuli zake. Chukua mfano huu. Seva inajibu kila ombi kwa milisekunde 10 kwa muda wa sekunde 50, kisha inaganda sekunde 10. Zana yangu itaandika vipimo 5,000 vizuri na kimoja kibaya. Wastani: milisekunde 12. Safi kabisa.

Lakini watu hawaji hivyo. Hakuna anayejua kwamba seva imeganda ili aahirishe shida yake. Kama watu 100 wanafika kila sekunde, ndani ya zile sekunde 10 watafika 1,000. Hata wote wakijibiwa mara seva inapozinduka, kila mmoja atakuwa amengoja kwa wastani wa sekunde tano. Ni mmoja kati ya kila sita. Wastani unaruka kutoka milisekunde 12 hadi zaidi ya 840, na seva ni ile ile. Waliokosekana kwenye jedwali langu ni wale ambao hasa ndio walioteseka.

Sikulala vizuri usiku ule. Utetezi wa tasnifu ulikuwa umebaki wiki tano. Sura ilikuwa imeshapita kwa msimamizi na hakuna mtu angeligundua. Nilijiambia kwamba ulinganisho bado ni wa haki, maana seva zote mbili zilipimwa kwa kosa lile lile. Hoja hiyo ilinitosha mpaka alfajiri.

Asubuhi nikagonga mlango wa msimamizi wangu. "Shikamoo, mwalimu. Sura ya nne si ya kweli."

Alinitazama juu ya miwani, akauliza itachukua muda gani. Nikasema wiki tatu. "Basi usipoteze nyingine ukiwa umesimama hapo," akasema.

Nilirudia kila kitu, safari hii maombi yakitumwa kwa saa na si kwa hisani ya seva. Ule ushindi wa Node.js nilioandikia sura nzima ukayeyuka. Mzigo ulipozidi, seva zote mbili zilikuwa zikingojea jiko lile lile, yaani hifadhidata niliyoiruhusu ipokee miunganisho michache mno. Nilikuwa nimetumia mwaka mzima kubishana juu ya miguu ya wahudumu wakati mpishi ni mmoja.

Mdogo wangu aliushinda mwaka ule kwenye gereji ya mjomba, akifungua na kufunga matairi. Nilipokwenda nyumbani baada ya utetezi nilimkuta kibarazani akisugua grisi kwenye kucha. Nikamweleza yote, foleni na zana yenye adabu. Alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo usiku ule, mimi ningekuwa wapi kwenye jedwali lako?"

"La kwanza? Usingekuwemo."

Akaendelea kusugua. "Na wewe ukaniambia nisubiri."

Sikuwa na jibu. Ushauri wangu ulikuwa sahihi kwa seva. Yeye ndiye hakuwa amepigiwa hesabu.

Msimu wa maombi uliofuata aliwasilisha yake saa kumi alfajiri, siku sita kabla ya dirisha kufungwa. Hakunipigia simu. Nilijua asubuhi tu, aliponitumia picha ya ukurasa wenye jina lake.