Ziwa Lililo Chini Yetu

Katika nyumba yetu pale Pito, ukutani juu ya kiti cha mama, palikuwa na kalenda kuukuu niliyoinunua mjini Sumbawanga. Miezi yake ilikwisha kitambo, lakini picha ilibaki: pwani ya Hispania, jua kali, miavuli ya rangi imepangwa safu safu, na Wazungu wamejilaza mchangani kama mihogo iliyoanikwa. Mama alizoea kuniuliza, "Baba, hayo ndiyo maji yanakotoka dagaa wetu?" Nami humjibu, "Hapana, Mama, hiyo ni Ulaya. Ziwa letu nitakupeleka ulione mwenyewe. Tukishavuna."

Tulivuna mara nyingi. Mwaka mmoja palikuwa na ada za watoto, mwaka mwingine mabati, mwaka mwingine maksai wa kulimia alikufa. Kutoka Sumbawanga hadi bandari ya Kasanga, kwenye Ziwa Tanganyika, ni kilometa 112 tu. Wapo watu wanaovuka bahari kwenda kuota jua, na mimi nilishindwa kumteremsha mama yangu mlimani. Ahadi ni deni, na deni lile nililibeba zaidi ya miaka ishirini.

Tulipoondoka hatimaye, mwezi wa Juni mwaka 2014, mama alikuwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Alitambua mwanga na giza, basi. Nilitaka kuahirisha tena mpaka atibiwe. Akasema, "Twende. Kama sitaliona, utaniambia."

Msomaji mpenzi, hapo ndipo nilipopata adabu yangu. Nilikuwa nimeshuka Kasanga mara kadhaa kununua samaki, lakini sikuwa nimetazama kitu. Sasa nilipaswa kuwa macho ya mtu mwingine.

Asubuhi ile Pito ilikuwa na upepo wa kipupwe ule unaoujua kila Mfipa. Mama alijitanda kanga mbili na blanketi. Sumbawanga iko zaidi ya meta 1,700 juu ya usawa wa bahari, na ziwa liko kwenye meta 770 hivi. Kwa hiyo safari ile ni kushuka karibu kilometa nzima. Tulipita Matai. Kadiri tulivyoteremka mama alivua blanketi, kisha kanga moja. "Tumefika nchi nyingine," akasema, kabla sijamweleza lolote.

Kabla ya kufika ziwani tulikata kona kwenda kwenye maporomoko ya Kalambo, mpakani mwa Tanzania na Zambia. Maji yanaanguka kwa mruko mmoja wa zaidi ya meta 200, na katika kuta za korongo korongo-shaibu hujenga viota vyao. Karibu na hapo, juu ya maporomoko, wachimbuzi wa mambo ya kale walipata magogo yaliyochongwa na kuunganishwa na binadamu. Mwaka 2023 walitangaza kwamba yana umri usiopungua miaka 476,000. Siku ile sikuwa na habari hizo. Nilimweleza mama juu ya ule ukungu wa maji. Alinyamaza, akisikiliza mngurumo. Kisha akaniuliza, "Mbona hayafiki chini?" Nikatazama vizuri. Kweli, sehemu ya maji ilikuwa ikipeperuka na kuwa moshi kabla ya kugusa chini. Mtu asiyeona ndiye aliyenionyesha.

Kasanga tulifika jua likiwa utosini. Nilimweleza habari za boma la Wajerumani, waliloliita Bismarckburg. Nilimweleza pia habari za meli ya Liemba: iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande, ikaunganishwa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915, mwaka uliofuata wenyewe waliizamisha isitekwe. Waingereza waliiibua, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena. Mama akacheka: "Basi hata kilichozama huibuliwa."

Lakini historia haikumshughulisha sana. Aliomba kuingiza miguu majini. Niliwauliza wenyeji kwanza, maana ziwa lina mamba, na mgeni asioge popote apendapo. Walituonyesha mahali penye maji mafupi ambapo wanawake walikuwa wakifua. Mama akasimama, maji yakimfika kwenye vifundo, mkono wake begani mwangu. Akachota kwa kiganja akaonja. "Hayana chumvi," akasema kwa mshangao. Miaka yote alidhani dagaa huchotwa wakiwa tayari na chumvi yao. Akauliza ng'ambo kuna nini. Nikamwambia: milima, rangi ya buluu, kama mgongo wa ng'ombe aliyelala. Akauliza kina. Nikamwambia lina meta 1,470 mahali penye kina kirefu kabisa, na kwamba duniani linazidiwa na Baikal peke yake. Akavuta miguu nyuma kidogo.

Mchana tulikula migebuka ya kuchoma kwa ugali, kivulini mwa mwembe. Hapakuwa na mwavuli hata mmoja. Mama alilala usingizi mchangani, na mimi nikakaa nikimfukuzia nzi.

Tuliporudi Pito aliwasimulia majirani juma zima. Alisema, "Nimeona milima ya ng'ambo, ya buluu." Hakuna aliyembishia. Lakini mimi kila niliposikia neno lile "nimeona" moyo ulinichoma, kwa sababu ningaliweza kumpa milima yenyewe badala ya maneno yangu. Alifariki mwaka 2017, kabla hajafanyiwa upasuaji.

Kalenda bado ipo ukutani. Siichukii pwani ile ya watu. Hapana shaka ni nzuri. Ila nimejifunza kwamba mwenye mzazi na nauli hana haja ya kungoja mavuno. Wajukuu wake nimekwisha kuwapeleka. Barabara sasa ina lami, na kuanzia Mei mpaka Oktoba mvua haisumbui. Nenda, ndugu msomaji, na yule uliyemwahidi, angali anaona.